LaMarcus Thompson, Fundi wa Reli ya Mteremko

Mtoto wa Bunda akipanda kilima pamoja na kigari chake cha mbao, akaketi juu yake na kuinua miguu, kigari huanza kwenda chenyewe. Hakuna mtu anayekisukuma, wala hakuna ng'ombe anayekikokota. Kwanza huenda polepole, kisha mbio, kisha mbio zaidi, hata mtoto hupiga kelele za hofu na kucheka kwa furaha kwa wakati mmoja. Kikifika bondeni, hupanda kidogo mwinuko wa upande wa pili kwa mbio zile zile, na mwisho husimama. Jambo hili watoto wa Mara wanalijua, na watoto wa nchi zote zenye vilima wanalijua pia. Lakini katika nchi ya Marekani alikuwako mtu mmoja aliyelichukua jambo hili la mchezo akalifikiri kama watu wazima wanavyofikiri mambo ya kazi. Akalipimia mbao, akalijengea reli, akalitia picha na taa, hata likawa furaha ya maelfu ya watu. Jina lake aliitwa LaMarcus Adna Thompson, na hizi ndizo habari za maisha yake.

1. Utoto wake

Thompson alizaliwa tarehe 8 Machi, 1848, mahali paitwapo Jersey, katika jimbo la Ohio. Siku zile watu wengi wa Ohio walikuwa wakulima na wafugaji. Waliamka alfajiri, wakakamua ng'ombe, wakalima kwa plau, na vyombo vingi vya nyumbani walivitengeneza kwa mikono yao wenyewe. Taa za umeme hazikuwako. Jua likichwa, watu waliwasha mishumaa au taa za mafuta, na giza likajaa kila pembe ya nyumba ambayo mwanga ule mdogo haukuifikia.

Tangu utoto mikono ya Thompson haikupenda kukaa bure. Yasimuliwa ya kuwa alipokuwa na umri wa miaka 12 alimtengenezea mama yake chombo cha kusukia maziwa ili kupata siagi. Akina mama wa Butiama na Musoma waijua kazi hiyo ilivyo ngumu. Mama hutia maziwa katika kibuyu, akakitikisa, akakitikisa tena, mpaka mikono yake imechoka, ndipo siagi hujitenga na maziwa. Yule mtoto akatafuta mbao akatengeneza chombo cha kumpunguzia mama yake kazi. Tena alimtengenezea baba yake gari la kukokotwa na ng'ombe. Basi ufundi wake haukuanza kwa kutafuta sifa mbali. Ulianza kwa kuitazama kazi inayowachosha watu wa nyumbani mwake.

Alipokuwa kijana akawa seremala. Alijifunza kupima ubao, kuukata sawasawa, na kuunga mti kwa mti hata kiungo kisilegee. Akapata pia kusoma katika chuo cha Hillsdale, katika jimbo la Michigan. Hivyo alipata mambo mawili ambayo si kila mtu huyapata pamoja, yaani elimu ya kitabu na elimu ya mkono.

2. Soksi zisizo na mshono

Baadaye Thompson akahamia mji wa Elkhart katika jimbo la Indiana, akafungua duka la vyakula. Lakini akili ya fundi haikumwacha akae nyuma ya mizani siku zote. Zamani zile soksi nyingi zilikuwa na mshono, na mshono huo uliwaumiza watu vidole ndani ya viatu. Thompson akatengeneza mashine ya kufuma soksi zisizo na mshono, akaanzisha kiwanda, na biashara yake ikasitawi.

Ndipo afya yake ikaharibika. Kazi za kiwanda zikawa nzito kupita nguvu za mwili wake, ikambidi kuziacha. Mtu angeweza kudhani ya kuwa habari zake zimekwisha hapo, maana alikwisha kujenga biashara kwa jasho lake, na sasa hana nguvu za kuiendesha. Walakini ugonjwa ule ulimwondoa katika kazi moja ukamwacha huru kuifikiri nyingine. Katika miaka ile ndipo alipozidi kufikiri habari za magari yanayoteremka vilima kwa uzito wao wenyewe.

3. Makaa ya mawe na barafu

Wazo la mteremko halikuzaliwa na Thompson peke yake. Katika nchi ya Urusi, zamani za baridi kali, watu walijenga vilima virefu vya mbao, wakavimwagia maji, na maji yakaganda yakawa barafu. Kisha wakapanda juu kwa ngazi na kuteremka kwa vigari visivyo na magurudumu. Huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka wa 1817 mchezo huo ulifanywa kwa magari yenye magurudumu yaliyoshikwa katika njia yake yasitoke.

Huko Marekani nako kulikuwa na reli moja ya ajabu mahali palipoitwa Mauch Chunk, katika milima ya Pennsylvania. Ilijengwa mwaka wa 1827 ili kuteremsha makaa ya mawe kutoka mgodini mpaka mtoni, mwendo wa maili 9 hivi. Magari yaliteremka yenyewe kwa kuvutwa na uzito wao. Tena mlikuwamo magari mengine yaliyochukua baghala. Baghala ni mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, wala siye nyumbu yule anayeonekana katika mbuga za Serengeti. Baghala hao waliteremka wamesimama garini, kisha wakayakokota magari matupu kuyarudisha mlimani. Baadaye injini za mvuke ziliwekwa zivute magari kwenda juu. Hata katika miaka ya 1870 makaa yalipopitishwa njia nyingine, reli ile haikuachwa. Watu walilipa fedha ili wateremke tu, waone milima na kusikia upepo ukivuma masikioni. Habari za reli hiyo zilienea Marekani yote.

Yafaa kueleza nguvu inayoliendesha gari la namna hii. Dunia huvuta kila kitu kije chini. Gari likipandishwa juu ya kilima, kazi iliyofanywa kulipandisha haipotei, bali huwekwa kama akiba. Gari likiachwa, akiba ile hugeuka kuwa mwendo. Likifika bondeni, mwendo ule huweza kulipandisha tena kilima cha pili. Lakini magurudumu husugua reli, na upepo hulizuia gari, hivyo kila safari sehemu ya akiba hupotea. Kwa sababu hiyo kila kilima kinachofuata lazima kiwe kifupi kuliko cha kwanza. Fundi asiyeshika kanuni hii atajenga reli, na gari litakwama bondeni pamoja na watu ndani yake.

4. Reli ya kwanza ya Coney Island

Karibu na mji wa New York iko pwani iitwayo Coney Island. Kama vile mji wa Musoma ulivyojengwa juu ya rasi inayoingia katika Ziwa Victoria, ndivyo pwani ile nayo ilivyotokeza baharini, na upepo wa maji huivumia mchana kutwa. Wakati wa joto watu wa mjini, waliochoka na moshi na kelele, walikwenda kupumzika huko. Walakini palikuwa pia na ulevi na michezo ya kamari, na wengi walirudi nyumbani mifuko mitupu. Thompson alitaka kuwapa watu furaha nyingine, ambayo baba, mama na watoto wangeweza kuifurahia pamoja pasipo aibu.

Tarehe 16 Juni, 1884, reli yake ilifunguliwa. Ilikuwa na urefu wa futi 600, na mahali pake pa juu palikuwa futi 50. Watu walipanda ngazi mpaka juu ya mnara, wakaketi katika gari lenye benchi refu, nyuso zao zikitazama upande, na gari likaachwa liende. Liliteremka na kupanda vilima vidogo vya mbao mpaka mnara wa pili. Hapo watu walishuka, wafanya kazi wakalisukuma gari mpaka juu, likahamishwa katika njia ya kurudia, kisha watu wakaingia tena na kurudi walikotoka. Mwendo wake ulikuwa maili 6 tu kwa saa. Mtu anayekimbia huweza kulipita gari lile. Lakini kwa watu ambao hawakupata kuona jambo la namna hiyo, maili 6 zilitosha kuwafanya washike kofia zao.

Kila mtu alilipa senti 5. Inasimuliwa ya kuwa reli ile iligharimu dola 1,600, na kwamba siku nyingine iliingiza dola 600. Mwanafunzi ajuaye hesabu ataona mara moja jambo hili lilivyo kubwa. Dola moja ni senti 100, basi ni nauli 20, na dola 600 ni nauli 12,000 kwa siku. Hazikupita wiki tatu, gharama zote za ujenzi zikawa zimerudi. Mwezi wa Januari, 1885, Serikali ya Marekani ilimpa Thompson hati ya kulinda uvumbuzi wake.

5. Wapinzani wake

Mafanikio huvuta macho. Mwaka uleule wa 1884 mtu mwingine, jina lake Charles Alcoke, alijenga reli iliyozunguka na kurudi mahali ilipoanzia, hata watu hawakuhitaji kushuka katikati ya safari. Mwaka wa 1885 Phillip Hinkle aliweka mashine ya kuvuta gari mpaka juu ya kilima cha kwanza. Abiria hawakupanda ngazi tena. Tena aliwaketisha watu wakitazama mbele, waone mteremko unavyowajia.

Reli ya Thompson, iliyokuwa ajabu jana, leo ilionekana ya taratibu na ya kuchosha. Watu waliokuwa wakimpa senti zao walianza kuzipeleka kwingine. Hapo ndipo moyo wa mtu hujulikana. Wako watu ambao, wakishindwa kwa jambo moja, huketi chini na kuwalaumu walioshinda. Thompson hakufanya hivyo. Alikaa akatazama kazi za wapinzani wake, akayakubali yaliyo mema ndani yake, kisha akajiuliza ni kitu gani ambacho wao bado hawajawapa watu. Kati ya mwaka wa 1884 na 1887 alipata hati 30 hivi za uvumbuzi juu ya reli za namna hii.

6. Picha na taa

Jibu lake lilionekana mwaka wa 1887 katika mji wa Atlantic City, ulio pwani ya jimbo la New Jersey. Pamoja na mwenzake James Griffiths alijenga reli iliyoitwa Reli ya Mandhari. Safari hii hakutaka tu kumpandisha mtu na kumteremsha. Alitaka kumsafirisha mtu katika nchi asizopata kuziona, ilhali hajatoka uwanjani. Mashine ilivuta magari mpaka juu, nayo yakateremka na kuingia katika mapango ya giza. Ndani ya mapango yale mlikuwa na milima ya kuchorwa, miti na maua ya kutengenezwa, na picha kubwa za habari za Biblia.

Picha katika giza haina faida bila ya taa. Lakini taa inayowaka wakati wote nayo huondoa ajabu, maana mtu huiona picha tangu mbali. Basi Thompson alipanga taa ambazo ziliwaka gari lilipokaribia. Gari lenyewe lilipopita mahali fulani liligusa swichi, na taa za pango zikawaka ghafula. Abiria, ambao dakika moja kabla hawakuona hata mkono wao, wakajikuta mbele ya bustani au mji wa kale. Yafaa kukumbuka ya kuwa Edison alionyesha taa yake ya umeme mwaka wa 1879, na kituo chake cha umeme cha New York kilifunguliwa mwaka wa 1882. Kwa watu wengi wa siku zile, taa ya umeme ilikuwa bado kitu cha kushangaza.

Mtu aliyesimama ufukoni mwa Musoma usiku usio na mbalamwezi ataelewa nguvu ya taa katika giza. Mbali ziwani wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, na maji meusi huonekana kana kwamba mji umejengwa juu yake. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri au za umeme wa jua. Dagaa huvutwa na mwanga ule wakaingia wavuni. Thompson naye alijua ya kuwa macho ya mwanadamu hukimbilia mwanga, na kwamba mwanga huwa na thamani zaidi ukitoka katika giza.

Reli ya Mandhari ilipendwa sana. Reli zake zilijengwa katika miji mingi ya Marekani, na nyingine katika Ulaya. Mwaka wa 1895 Thompson aliunda kampuni ya kujenga na kuendesha reli hizo.

7. Kazi isiyoonekana

Watu waliopanda magari yale waliona milima, maua na nuru. Hawakuona kazi ya kila siku iliyofanya vitu vile viendelee kupendeza, na kazi hiyo ilikuwa kubwa.

Mbao za reli hupata mvua na jua. Zikilowa huvimba, zikikauka husinyaa, na misumari na parafujo hulegea. Kwa hiyo kabla ya abiria kuja, mtu hana budi kuipita reli yote kwa miguu, futi kwa futi, akitazama na kugonga kwa nyundo, kwa maana ubao mzima una sauti yake na ubao uliooza una sauti yake. Magurudumu hutiwa grisi. Breki hujaribiwa. Mwishowe magari hupelekwa matupu yazunguke, ndipo watu huruhusiwa kupanda. Katika reli za Thompson mtu wa breki alisafiri pamoja na abiria, mkono wake ukiwa juu ya mti wa breki, ili apunguze mwendo mahali panapotaka uangalifu. Hakuweza kustarehe na picha kama wengine, kwa sababu usalama wao wote ulikuwa mkononi mwake.

Picha nazo zina adui zake. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, nao hubabua rangi na kuozesha turubai. Lipu hupasuka. Magari yakipita mara mia kwa siku, mtikiso wake hulegeza kila kitu kilichotundikwa, na kipande kimoja cha mwamba wa bandia kikianguka juu ya reli chaweza kuleta msiba. Basi sharti apatikane mtu wa kupaka rangi upya, wa kushona turubai, na wa kukaza nyaya zinazoshika picha.

Na taa ndizo zenye udhuru kuliko vyote. Balbu za zamani zilikuwa na uzi wa kaboni ndani yake. Kadiri zilivyowaka, kioo kiliingia weusi kwa ndani, na mwanga ukafifia kidogo kidogo. Kufifia huko hakuonekani kwa siku moja, na mtu aliyeizoea taa haoni ya kuwa imeharibika, mpaka balbu mpya iwashwe kando yake. Swichi iliyoguswa na kila gari hulika. Waya ulio katika unyevu huvuliwa ngozi yake, na umeme hupita mahali usipotakiwa. Taa moja ikikosa kuwaka, abiria hupita gizani mbele ya picha iliyogharimu fedha nyingi, nao hawajui kama kulikuwa na kitu pale. Hivyo kazi ya fundi wa rangi na seremala hupotea yote kwa uvivu wa mtu mmoja wa taa.

8. Moto wa mwaka wa 1911

Kwamba kazi ya taa si mchezo, Coney Island ilijifunza kwa machozi. Taa zilikuwa zimekwisha kuwa fahari ya pwani ile. Uwanja ulioitwa Luna Park ulipofunguliwa mwaka wa 1903, taa zake zilihesabiwa kuwa 250,000. Mwaka uliofuata ukafunguliwa uwanja mwingine wa jina la Dreamland, uliokuwa na mnara mrefu uliopambwa kwa taa toka chini mpaka juu.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei, 1911, mafundi walikuwa wakitengeneza mchezo mmoja wa mashua ndani ya Dreamland. Maji yalivuja, nao waliziba mahali palipovuja kwa lami ya moto, wapate kuufungua uwanja asubuhi. Ghafula taa zikazimika. Katika giza lile ndoo ya lami ya moto ikapigwa kwa mguu ikamwagika. Majengo yalikuwa ya mbao na lipu nyepesi, moto ukapanda upesi kuliko watu walivyoweza kuuzima. Kabla hakujapambazuka vizuri Dreamland yote ilikuwa majivu, na wanyama wengi waliofugwa humo kwa maonyesho walikufa. Uwanja huo haukujengwa tena.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale mafundi walikuwa wakiziba ufa, nao hawakuwa wavivu. Lakini kazi ilisubiri mpaka usiku wa mwisho, ikafanywa kwa haraka, karibu na taa zisizoaminika, katika nyumba inayowaka kama nyasi za kiangazi. Tangu hapo wenye viwanja vya namna hiyo walipata fundisho ambalo halina budi kukumbukwa na kila fundi: matengenezo yana wakati wake, na moto na umeme havingoji mtu ajitayarishe.

9. Mwisho wake

Thompson aliendelea na kazi zake mpaka mwaka wa 1915, alipostaafu akiwa na miaka 67. Tarehe 8 Mei, 1919, alifariki nyumbani kwake Glen Cove, katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 71. Watu humwita baba wa michezo ya mteremko, ingawa yeye hakuwa wa kwanza kuwaza mteremko wala wa kwanza kuweka magurudumu. Jina hilo alipewa kwa kuwa aliuchukua mchezo wa vilima akaufanya kazi inayopimwa, inayolindwa, na inayoweza kujengwa mahali popote.

Baada yake mafundi wengine walijenga reli ndefu zaidi na za mbio zaidi. Mmoja wao, John Miller, ambaye ujana wake aliufanya kazi pamoja na Thompson, alivumbua magurudumu yanayoshika reli kwa chini, ili gari lisiweze kuruka. Reli za chuma zikafuata, na katika siku zetu ziko ambazo mwendo wake hupita maili 100 kwa saa. Maili 6 za Coney Island zaonekana kama mwendo wa kobe.

Hata hivyo si zote za kale zilizosahauliwa. Katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, Reli ya Mandhari iliyofunguliwa tarehe 13 Desemba, 1912, iliendelea kuchukua abiria mpaka karne ya 21, na mtu wa breki akisimama kati ya magari yake. Reli nyingine ya namna hiyo, ya Margate nchini Uingereza, ilifunguliwa mwaka wa 1920. Mwaka wa 2008 moto uliiharibu sana, lakini watu waliipenda wakaitengeneza, nayo ikafunguliwa tena mwaka wa 2015. Mti haukai miaka 100 katika upepo wa bahari kwa nguvu zake wenyewe. Umekaa kwa sababu ya mikono ya watu wengi, ambao majina yao hayakuandikwa, waliobadili ubao mmoja leo na mwingine kesho, hata pengine ni vigumu kujua ni ubao upi uliobaki wa siku ya kwanza.

Hili ndilo jambo la kukumbukwa katika maisha ya Thompson. Kubuni kitu ni kazi ya siku moja au ya mwaka mmoja, na sifa yake ni kubwa. Kukitunza ni kazi ya kila asubuhi, na sifa yake ni ndogo. Lakini abiria aliyeketi garini, juu ya mnara, hamtegemei mbuni aliyekufa zamani. Anamtegemea yule aliyeipita reli asubuhi ile na nyundo mkononi, akaigonga kila mbao, na kubadili balbu iliyofifia kabla ya mtu mwingine kuiona.